Vioo vya samadari: brashi weka pembeni kwanza

Haya, walio nyuma sogeeni maana hiki kipande kidogo. Leo ni samadari, vile vitanda vya kuchonga, hizi zenye vioo vya maua, na wala sio lazima iwe ya kizamani, hata hizi za kuiga zinazochongewa mahoteli ya Mji Mkongwe shida yao ileile, kioo kikianza kumwaga rangi fundi anakimbilia brashi.

Sasa cheki. Ua limechorwa nyuma ya kioo sie tunaliangalia kwa mbele, kwa hiyo mchoraji kazi yake imekwenda kinyume, kile kistari cheupe juu ya jani kimepakwa mwanzo, halafu jani, halafu ile buluu ikaja kufunika vyote. Kioo ni laini, rangi haina pa kushika, na unyevu wetu huu wa pwani ndo kabisaaa, inajikunja vigamba inadondoka. Ukipaka mpya juu yake, tina, yaani kile kimiminika cha kuzimulia rangi, inapenya chini ya vile vigamba vilivyobaki, vinalainika vinavutwa na brashi, ushamaliza ua la watu.

Mie nafanyaje? Natoa vipapi, vile vijiti vya mbao vinavyoshika kioo, taratibu, kioo nakilaza rangi ikitazama juu. Upande wa mbele nafuta kwa pamba yenye unyevu kidogo, nyuma maji hayagusi. Kigamba kilichonyanyuka napenyeza tone la gundi nyepesi, ila najaribu pembeni kwanza kuona kama haili rangi. Yale mapengo siyapaki! Nachora rangi inayokosekana kwenye karatasi, naiweka nyuma ya kioo bila kubandika, basi, kesho akija fundi anayejua zaidi yangu anaitoa tu.

Mbao zake haraka haraka: chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pa kificho, ikianza kunata hiyo ni shelaki, ile vanishi ya asili ya zamani, irudishie shelaki, hizi vanishi za plastiki achana nazo. Na kama fremu ina rangi ya zamani msipige msasa mkavu jamani, rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi yenye sumu na vumbi lake mnalivuta nyie na watoto mnaowatuma pale karakana.

Enhe, dada anauliza karatasi si itaonekana? Ukichungulia kwa ubavu kabisa, ndio, kivuli chake utakiona. Ukisimama mlangoni huoni kitu.