Mafua ya Kambini Huanzia Bwenini

Makocha na walezi wa kambi, hamjambo. Kijana akianza kupiga chafya hapa Iten, lawama ya kwanza huangukia baridi ya alfajiri. Kweli, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi hewa ya saa kumi na mbili ni kavu na inauma. Anayekimbia kwa kasi hupumulia mdomo, hewa haipashwi joto puani, koo linakauka na kukwaruza. Lakini hayo bado si mafua. Pasipo virusi hakuna mafua, na virusi hutoka kwa mtu.

Barabarani upepo hutawanya pumzi za kundi zima. Bwenini ni kwingine: vijana wanane, vitanda vya ghorofa, madirisha yamefungwa tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja. Saa nane nzima wanavuta pumzi za wenzao. Ongezeni matatu ya kwenda Eldoret, vioo vimefungwa, na chupa moja ya maji inayonywewa na watano.

Msidhani ni shida ya kambi maskini. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang, mwaka 2018, wanamichezo 20 kati ya 44 wa Finland waliofuatiliwa walipata dalili za mafua, na madaktari wao walikuwa nao hukohuko.

Kusubiri kikohozi ndipo mchukue hatua ni kuchelewa: mwenye influenza, yale mafua makali yenye homa, huweza kuambukiza siku moja kabla hajahisi lolote. Kwa hiyo madirisha mawili yanayotazamana yabaki wazi kiasi cha kiganja kila usiku, na kila kijana apewe blanketi la pili. Walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu kielekee miguu ya jirani. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Sanitaiza huyeyusha ganda la mafuta la virusi vya influenza. Virusi vya rhino, vinavyoleta mafua ya kawaida, havina ganda hilo, ndiyo maana huponyoka.

Anayeugua ahamishwe siku hiyohiyo. Kama ni makamasi tu bila homa, akimbie polepole dakika 20, peke yake. Homa, kifua kubana au mwili kuuma: asikimbie kabisa. Virusi vingine hushambulia msuli wa moyo, na mbio kali wakati huo zinaweza kuvuruga mapigo hadi kuua. Hapa panadol ndiyo hudanganya: inashusha homa, kijana anavaa viatu. Hesabuni saa 24 bila homa na bila dawa, kisha aanze na dakika 15 za kukimbia taratibu.

Kila asubuhi mpimeni mapigo kabla hajashuka kitandani. Yakizidi kawaida yake kwa 10 kwa dakika, apumzike siku moja zaidi. Na hiyo kawaida huandikwa daftarini akiwa mzima. Kwa wale ambao hamjaiandika, anzeni kesho.