Ingawa na Lakini: Mahali Insha ya IELTS Inapotukwamisha

Ndugu zangu wauguzi mlioko nyumbani Kenya, nanyi nyote mnaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kufanya kazi au kusoma ng'ambo, hamjambo. Ninarekodi video hii nikiwa jikoni kwangu hapa Leeds, Uingereza, asubuhi baada ya zamu ya usiku, kwa sababu juma hili nimetumiwa insha iliyonikumbusha yangu mwenyewe ya mwaka 2019, na sikutaka jambo hili lipoe kabla sijalizungumza nanyi.

Aliyenitumia ni dada mmoja, muuguzi katika hospitali ya kaunti, ambaye ameshafanya mtihani huo mara mbili. Katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza amevuka alama 7 kati ya 9 bila taabu, lakini katika kuandika amepata 6 mara zote mbili. Mnajua maana yake. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka 7 katika stadi hizo tatu na 6.5 katika kuandika, kiwango ambacho kililegezwa kutoka 7 mwishoni mwa mwaka 2018, kwa hiyo ni nusu alama tu inayomzuia kusajiliwa. Mimi pia nilikwama hapo hapo kwenye 6. Na mtakumbuka Novemba 2021, Waziri wetu wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, aliposema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waje Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 pekee. Wapo walioichukua habari ile kama kichekesho. Mimi iliniuma, kwa maana hao ni watu waliofundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na ambao kila siku huandika taarifa za wagonjwa kwa Kiingereza na madaktari wakazifuata bila kuuliza mara mbili.

Nimeisoma insha ya dada huyu mara tatu, na sioni mtu asiyejua Kiingereza. Ninaona mtu anayeandika insha kwa namna tulivyofundishwa shuleni, mbele ya mtahini anayetafuta kitu kingine kabisa.

Sehemu ya kuandika ina dakika 60 na maswali mawili, la kwanza likitaka maneno yasiyopungua 150 na la pili, ambalo ndilo insha yenyewe, maneno yasiyopungua 250. Swali la pili lina uzito mara mbili ya la kwanza, na unaruhusiwa kuanza nalo, kama ninavyowashauri wote mfanye. Insha hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: umelijibu swali kwa kiasi gani, mawazo yako yamepangika na kutiririka vipi, msamiati wako, na sarufi yako. Tazameni vizuri, msamiati ni robo moja tu, ilhali wengi wetu tunautumia muda wote wa maandalizi kukusanya maneno makubwa katika daftari.

Swali alilolijibu dada lilikuwa la aina inayojulikana sana: je, unakubaliana kwa kiasi gani na wazo kwamba serikali itumie fedha nyingi zaidi kuzuia magonjwa kuliko kuyatibu? Yeye alianza kwa kusema "since time immemorial", yaani tangu zamani za kale, akaeleza kwamba afya ni msingi wa maisha ya mwanadamu, kisha akatia methali aliyoitafsiri kuhusu kinga na tiba. Nilihesabu maneno 62 kabla sijaujua msimamo wake. Sote tunajua desturi hiyo imetoka wapi. Katika insha ya methali mwalimu alitutaka tuingie taratibu, tupambe lugha, tumwandae msomaji, na aliyepamba vizuri ndiye aliyesomewa insha yake darasani. Ni sanaa yenye heshima yake, na ninatumaini watoto wetu hawataipoteza. Lakini mtahini wa IELTS anataka kujua katika sentensi mbili za mwanzo kama umelielewa swali na kama unakubali, unakataa au unakubali kwa sharti, kisha aone msimamo huo huo ukishikiliwa mpaka sentensi ya mwisho. Nilimwomba dada aifute aya yote, aandike kwa maneno yake swali linahusu nini, halafu aseme wazi anasimama wapi. Yalimtosha maneno 38.

Lililomgharimu zaidi lilikuwa katika aya ya pili. Humo aliandika kwamba kinga ni nafuu kuliko tiba, kwamba inaokoa muda, na kwamba inapunguza msongamano hospitalini. Hoja tatu, sentensi tatu, na aya ikafungwa. Kila hoja ni ya kweli, lakini hakuna hata moja iliyokunjuliwa. Nilimpigia simu nikamwambia achague moja tu, ile anayoijua kutoka wodini kwake, anisimulie kana kwamba sijawahi kufika huko. Akachagua ile ya gharama. Akanieleza habari za mtoto anayelazwa kwa malaria, na mama yake, muuza mboga, anayekaa kando ya kitanda siku nne bila kufungua kibanda, huku wale watoto wake wengine wawili wakiwa wameachiwa jirani, na nauli ikilipwa kila jamaa anapokuja kuleta chakula. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba chandarua chenye dawa kingeweza kuzuia yote hayo na hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Nikamwambia hiyo ndiyo aya yako, iandike kabla hujaisahau. Ina dai, ina sababu, ina mfano ambao mtahini anaweza kuuona, na mwishoni inarudi kwenye swali, yaani fedha za serikali ziende wapi. Katika dakika 40 unazoitengea insha, kati ya zile 60, aya mbili za namna hiyo zinatosha kabisa, pamoja na utangulizi mfupi na hitimisho fupi zaidi.

Hapa niseme kitu kinachonikera. Kabla ya mtihani wangu wa kwanza nililipa ada katika kituo kimoja cha mafunzo, nikapewa kurasa za sentensi zilizokwisha kuundwa, zenye nafasi za kujaza mada, nikaambiwa nizikariri zote. Nilizikariri kwa bidii kama dua. Nilipoisoma tena insha ile kwa kumbukumbu, niligundua kwamba karibu nusu ya maneno hayakuwa yangu na hayakusema lolote kuhusu swali. Watahini wamefunzwa kuyatambua maneno ya kukariri, na hayawaongezei kitu. Ikiwa mtu anakuuzia kurasa hizo leo, tafadhali zihifadhi fedha zako kwa ajili ya ada ya mtihani, ambayo si ndogo.

Sasa sarufi, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapochungulia. Sisi husema "ingawa mvua ilinyesha, lakini walifika", na masikio yetu hayaoni kasoro. Kwa Kiingereza ukiandika "although" usiweke "but" katika sentensi hiyo hiyo, moja linatosha. Katika insha ya dada kosa hilo limejitokeza mara nne. Sisi husema pia "hospitali ambayo nilifanya kazi ndani yake", ndipo mtu anaandika hospitali kisha anaongeza "in it" mwishoni, neno ambalo Kiingereza hakilihitaji. Vifaa vyetu ni vingi, kwa hiyo tunaandika "equipments", na ushauri ukiwa mwingi unakuwa "advices", ilhali maneno hayo hayachukui alama ya wingi. Na kwa kuwa Kiswahili hakina "a" wala "the", hivyo viwili huanguka njiani bila mwenyewe kuhisi, hasa mkono unapokimbizana na saa.

Msijaribu kuyarekebisha yote kwa pamoja. Mimi nilichukua karatasi nikaandika makosa yangu matano yanayojirudia, nikaibandika ukutani juu ya meza, na kwa kila insha nilitenga dakika tano za mwisho kuyasaka hayo matano tu, moja baada ya jingine, bila kuisoma insha kwa ajili ya kitu kingine. Dakika tano za mwanzo zilikuwa za kupanga: msimamo wangu, hoja mbili, mfano mmoja kwa kila hoja. Zile 30 za katikati ndizo nilizoandikia. Kwa miezi mitatu niliandika insha mbili kila juma, na ile ile niliiandika upya baada ya kusahihishwa, kwa sababu mkono hujifunza katika kuandika upya kuliko katika kukimbilia swali jipya. Niliporudi kwenye chumba cha mtihani nilipata 6.5.

Jana usiku, wakati wa mapumziko ya zamu, ilinifikia picha ya insha mpya ya dada. Msimamo umo katika sentensi ya pili. Mama wa kibandani yumo, na siku zake nne, na nauli. "Although" iko mara mbili, na zote mbili hazikufuatwa na "but". Zimebaki "the" sita zilizodondoka, nimezizungushia wino mwekundu, na Jumamosi jioni tutakaa kwenye simu tuzipitie moja moja kabla hajalipia tarehe ya mtihani.