Mabati yanayolia jioni na chombo kinachosoma nyota

Shikamooni wazazi wangu na wakubwa wote mnaonitazama kutoka Mbeya, Vwawa, Tukuyu na Makambako. Nanyi wa rika langu, habari za siku nyingi. Swali limenifikia kutoka kwa watu wengi, na mama mdogo aliyeko Mbozi ndiye aliyeliuliza kwa uwazi zaidi: je, huku Uingereza ninatengeneza darubini? Hapana, Mama. Darubini hukusanya mwanga. Sisi katika karakana yetu tunatengeneza spektrografu, yaani chombo kinachoupokea mwanga huo kutoka kwenye darubini na kuutawanya katika rangi zake ili nyota isomwe.

Wengi wenu mmekigusa kimondo cha Mbozi kwa mikono yenu. Tunajua kwamba takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli, kwa sababu kilituangukia na watu wakaweza kukata kipande na kukipima. Nyota haikatwi. Kinachotufikia ni mwanga wake tu, lakini kila elementi iliyomo katika anga ya nyota hunyonya rangi zake maalumu na kuacha mistari myeusi mahali pake. Mwanafizikia Mjerumani Joseph Fraunhofer aliichora mistari ya namna hiyo katika mwanga wa jua mwaka 1814, na miaka 45 baadaye wanasayansi Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake. Chuma peke yake kina maelfu. Chuma kile kile mnachokiona Mbozi, mimi hukiona kila siku kikiwa mistari.

Uzi huu ninaoushika mbele ya kamera, mwembamba kama unywele, ni kioo, na ndimo mwanga hupita. Katika darubini kubwa ya SALT, iliyoko Sutherland nchini Afrika Kusini, yenye kioo kilichoundwa kwa vipande 91 vya pembe sita, mwanga wa nyota hupita katika nyuzi kama hizi hadi kwenye spektrografu iliyofungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa. Chombo hicho kilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Durham, hapa Uingereza, kikapelekwa Sutherland mwaka 2013. Ndani yake mwanga hunyooshwa, hugonga kioo kilichochorwa mistari sambamba iliyobanana sana, hutawanyika, kisha lenzi huukusanya juu ya chipu ya kamera. Hayo ni rahisi kueleza, na si sehemu inayotunyima usingizi.

Kinachotunyima usingizi ni kutulia. Mnakumbuka jinsi mabati ya paa yanavyolia jioni za Juni, baridi inaposhuka kutoka mlima Loleza? Yalitanuka mchana, na sasa yanasinyaa. Aluminiamu nayo hutanuka: fimbo yake ya mita moja, ikiongezeka joto kwa nyuzi moja tu, hurefuka kwa takriban maikromita 23 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo ni nyingi kuliko upana wa pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ya chipu yetu, yenye maikromita 15. Nasi tunatafuta msogeo wa mistari ulio mdogo zaidi ya hapo mara elfu moja, kwa sababu sayari inayozunguka nyota huivuta nyota hiyo huku na huku, na mvuto huo huonekana kwa mistari kusogea kidogo mno. Sayari ya Mshtarii hulisogeza jua kwa takriban mita 12 kwa sekunde. Dunia yetu hulisogeza kwa sentimita 9 tu. Spektrografu ya HARPS iliyoko La Silla, Chile, tangu mwaka 2003 imeweza kutambua mwendo wa mita moja kwa sekunde, mwendo wa mama aliyejitwika mkungu wa ndizi akielekea taratibu soko la Mwanjelwa, na huo ni mwendo wa nyota iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka mingi kutufikia. Ili kuuona, joto ndani ya HARPS hushikiliwa lisibadilike hata kwa sehemu moja ya mia ya nyuzi.

Mapema mwaka huu tulilipata somo hilo kwa uchungu. Tulimaliza kurekebisha lenzi ya kamera alasiri, taa ya thoriamu na agoni, ambayo mistari yake tunaitumia kama rula, ikionyesha kila kitu mahali pake. Asubuhi mistari yote ilikuwa imehama karibu pikseli mbili. Mlango wa chumba ulikuwa umesahauliwa wazi usiku kucha. Hapakuwa na kilichovunjika, lakini kazi ya siku nne ilirudiwa, na tangu hapo ninaamini kwamba fundi wa chombo hiki anapaswa kulijua joto la chumba chake kama mpishi anavyoujua moto wake.

Wiki hii tunafunga tangi na kuanza kuvuta hewa. Tutawasha taa ile ile na kupiga picha ya mistari kila saa, usiku na mchana, bila mtu kuingia chumbani. Mama mdogo, nitakupigia simu tukiona imetulia.