Tairi ya Spea ya Kerneli

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, habari za mchana. Wapo waliotoka Moshi asubuhi hii, kwa hiyo nianze na barabara yao. Tairi ikipasuka Kikatiti, pancha haimtii dereva hofu. Hofu inamwingia akishusha spea akakuta haina upepo.

Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo wa kompyuta, nayo ina spea. Tangu toleo 2.6.13, mwaka 2005, tunatenga kipande cha kumbukumbu kwa kigezo cha crashkernel, tunapakia humo kerneli ya pili, inakaa kimya. Ya kwanza ikianguka, ya pili inashika usukani na kusoma yaliyobaki kupitia /proc/vmcore, faili inayoonyesha kumbukumbu ya ile iliyoanguka.

Msimbo huu ni mgumu kuusafisha, maana hauonekani ukifanya kazi. Unaendeshwa siku mashine inapokata roho tu, kwa hiyo kila mtu anaogopa kuugusa. Chukueni x86, aina ya prosesa za Intel na AMD. Kerneli ya pili ilihitaji KB 640 za mwanzo za kumbukumbu, zilezile ambazo ya kwanza ilikuwa imeshaandika vitu vyake. Basi kukawa na msimbo wa kuzinakili pembeni kwanza, na mwingine wa kumwelekeza msomaji kwenye nakala. Ulidumu miaka. Zikaja mashine za AMD zinazosimba kumbukumbu, yaani kuifunga kwa siri, nakala ikawa haisomeki. Mngetarajia kiraka juu ya kiraka. Mwishoni mwa 2019 watunzaji wa kerneli walifanya jambo ninaloliheshimu sana: waliitenga MB 1 yote ya chini, ya kwanza isiweke chochote humo. Kama hakuna kitu, cha kunakili nini? Msimbo wote wa nakala ukafutwa.

Mimi somo hili lilinikuta Moshi. Seva ya ofisi moja ilianguka mara tatu, na mara zote tatu /var/crash, folda ambamo kerneli ya pili huhifadhi ilichokisoma, ilikuwa tupu. Nilikuwa nimetenga kumbukumbu kidogo mno. Kerneli ya pili ilikuwa inaishiwa kabla haijaandika hata faili moja. Kosa lilikuwa langu: sikuwahi kuijaribu.

Kompyuta hii hapa mezani haina kazi ya mtu. Nimeshaandika amri ya kuiangusha kerneli kwa makusudi:

echo c > /proc/sysrq-trigger

Naiangusha sasa. Ikiwaka tena, aliye karibu aje atusomee kilichomo /var/crash.