Kanzu Isiyovulika: Askari Kanzu na Mapandikizi katika Filamu za Uhalifu

Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi vijana wa darasa la kuandika miswada, habari za jioni. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kuitazama filamu ya Infernal Affairs Alhamisi iliyopita kama nilivyoomba, maana leo nitataja mwisho wake bila kuogopa kumharibia mtu uhondo.

Kiswahili kina neno ambalo kila nikilisikia naona picha: askari kanzu. Polisi aliyevua sare, akavaa nguo za raia, akachanganyika na watu. Tuna pia methali ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaijua: kikulacho ki nguoni mwako. Angalieni, zote mbili zinazungumzia nguo. Polisi amevaa nguo za jambazi, na jambazi naye yumo ndani ya nguo za polisi, anawatafuna taratibu. Filamu tuliyotazama imewachukua watu hao wawili ikawaweka mji mmoja, kisha ikamwamuru kila mmoja amtafute mwenzake.

Infernal Affairs ilitoka Hong Kong Desemba 2002. Waliiongoza Andrew Lau na Alan Mak, na mswada waliuandika Alan Mak na Felix Chong. Jina lake la Kichina linatokana na mafundisho ya Kibudha kuhusu jehanamu ya chini kabisa, ile isiyokuwa na mapumziko. Ukiingia humo mateso hayakatiki. Shikeni neno hilo, hayakatiki, kwa sababu ndilo linaloiendesha filamu yote.

Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, Magomeni. Ilikuja kwenye CD mbili, na mtafsiri alikaa pembeni na kipaza sauti, anatuwekea Kiswahili juu ya Kikantoni. Mnajua sheria ya vibanda vile: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, anaweza kutupwa baharini, lakini hafi. Sasa Yan, yule askari kanzu wetu, anafika kwenye lifti, mlango unafunguka, risasi moja ya kichwa, anaanguka huku mlango ukigonga mwili wake na kurudi, ukigonga na kurudi. Kibanda kizima kimya. Halafu mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "CD ya tatu iko wapi?" Haikuwepo ya tatu. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na hasira kweli, na nimekaa na hasira hiyo miaka mingi mpaka nikaelewa inatoka wapi.

Inatoka hapa: Yan hakuibiwa uhai peke yake. Aliibiwa shahidi.

Tufuatilie. Yan ni mwanafunzi wa chuo cha polisi, ana macho yanayoona kila kitu. Anafukuzwa chuoni hadharani ili genge la Triad limwamini akijiunga nalo. Aliambiwa kazi ni ya miaka mitatu. Ikaisha, akaambiwa mitatu mingine, kisha mitatu tena, sasa inakaribia kumi. Wanaojua kwamba yeye ni polisi ni wawili tu: mkuu wa chuo na Superintendent Wong. Mapema tu kwenye filamu mkuu wa chuo anafariki. Gari la maiti linapita barabarani na polisi wenye sare wanasindikiza. Yan amejibanza kwenye kona, haruhusiwi kusogea, na anampigia saluti mtu ambaye hatamwona. Saluti ile hakuna aliyeiona ila sisi. Kuanzia dakika ile uhai wake wa kipolisi umebaki kwenye kichwa cha mtu mmoja na faili moja la kompyuta lenye neno la siri.

Vijana, mkiandika filamu ya namna hii, msianze na bunduki. Anzeni na swali hili: ni watu wangapi wanajua mtu huyu ni nani? Kisha wapunguzeni mmoja mmoja. Wong anatupwa kutoka juu ya jengo na kuangukia paa la teksi, mbele ya macho ya Yan. Tazameni uso wa Tony Leung, anayemwigiza Yan, pale. Halii wala hapigi kelele. Ni uso wa mtu aliyeona kitambulisho chake kikiungua moto, na genge lake linamvuta mkono wakimbie.

Leung hakuwa mgeni wa kanzu hii. Mwaka 1992, katika Hard Boiled ya John Woo, aliigiza polisi mwingine aliyezama gengeni, anayekunja ndege wa karatasi, korongo, kwa kila mtu anayemuua. Na miaka 5 kabla ya hiyo Ringo Lam alikuwa ametoa City on Fire, Chow Yun-fat akiwa askari kanzu anayeanza kumpenda kama ndugu jambazi anayepaswa kumkamata. Hong Kong imeirudia hadithi hii kwa zaidi ya muongo mzima, na sidhani ni bahati mbaya. Ni mji uliokuwa koloni la Uingereza mpaka tarehe 1 Julai 1997, siku uliporudishwa China. Katika sehemu ya pili ya Infernal Affairs, iliyotoka 2003, tunaona usiku huo wenyewe: polisi wanabadilisha beji za kofia, nembo yenye taji inatoka, mpya inaingia. Mtu ni yuleyule, kichwa kilekile, ila kesho asubuhi anatumikia bendera nyingine. Watu waliopitia usiku ule hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuishi na sura mbili.

Sasa twendeni kwa mwenzake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi humpita haraka. Ming, anayeigizwa na Andy Lau, ni kijana wa bosi wa genge, Sam. Alipelekwa chuo cha polisi akiwa na rekodi safi, akapanda vyeo. Ana ofisi, ana mchumba, ana nyumba mpya. Mchumba huyo ni mwandishi, anaandika riwaya ya mtu mwenye nafsi 28, na anakwama kwa sababu hajui kama mhusika wake ni mtu mwema au mbaya. Ming ni pandikizi ambaye wote wanamwona mtu mzuri, na polepole anatamani iwe kweli. Yan anavaa ubaya kwa amri ya serikali, na unamchubua. Ming anavaa wema kwa amri ya jambazi, na unamkaa vizuri kiasi kwamba hataki tena kuuvua. Ndiyo maana mwishowe anampiga risasi Sam mwenyewe kwenye maegesho ya magari. Polisi wenzake wanampigia makofi. Yeye anadhani amenunua maisha mapya.

Kuna tukio moja nataka tulitazame kwa karibu, la bahasha. Sam anataka kujua polisi aliye ndani ya genge lake ni nani, kwa hiyo anawaamuru vijana wake waandike majina, namba za vitambulisho na akaunti za benki. Karatasi zinaingia kwenye bahasha ili Ming akazilinganishe na kumbukumbu za polisi. Mmoja wa vijana hajui kuandika vizuri neno la Kichina la "mlinzi". Analikosea, na Yan, kwa wema tu wa kumsaidia mwenzake, analirekebisha juu ya bahasha kwa mkono wake. Filamu inaendelea, tunasahau. Baadaye, Sam akishakufa, Yan anakuja kituo cha polisi kurudishiwa jina lake. Anapokelewa na afisa mkarimu, Ming, anayemwacha ofisini dakika chache ili akafungue faili. Yan yuko peke yake. Macho yake yanatembea juu ya meza. Bahasha iko pale, mwandiko wake mwenyewe unamtazama.

Hakuna aliyesema neno. Ni neno moja lililorekebishwa kwa kalamu, na kila kitu kinaanguka: aliyekwenda kumrudishia jina ndiye aliyekuwa analiwinda. Yan anaondoka. Ming anarudi, anakuta kiti kitupu, anaiona bahasha, anaelewa. Kisha anakaa kwenye kompyuta na kulifuta faili. Kidole kimoja, na miaka karibu kumi ya mtu imeondoka duniani. Mimi naona mauaji ya Yan yalifanyika pale. Ile risasi ya kwenye lifti ilikuja kumalizia.

Mtaniuliza, mambo haya yapo kweli nje ya sinema? Yapo, na mara nyingine ukweli unauma zaidi. Joseph Pistone, wakala wa FBI, aliishi ndani ya familia ya Bonanno ya mafia wa New York kuanzia 1976 hadi 1981 kwa jina la Donnie Brasco, akijifanya mwizi wa vito. Ushahidi wake ulisababisha zaidi ya watu 100 kutiwa hatiani. Filamu ya 1997 iliyobeba jina hilo ina tukio ambalo siwezi kulisahau: Lefty, jambazi mzee aliyemdhamini Donnie gengeni, anapigiwa simu ya kuitwa. Anajua anaitwa kufa. Anavua saa, pete na mkufu, anaviweka kwenye droo, kisha anaiacha wazi kidogo ili mkewe avione. Al Pacino anafanya hayo taratibu, kama mtu anayezima taa kabla ya kulala. Kwa uhalisia Lefty hakuuawa. FBI ilimkamata kabla ya genge kumfikia, akafungwa, na akafa kwa saratani mwaka 1994. Aliyeuawa ni bosi wake, Sonny Black, mwaka huohuo wa 1981, kwa kosa la kumwamini Donnie. Mwandishi wa mswada alichukua kifo cha mmoja akampa mwingine, na mimi namuunga mkono, kwa sababu deni la kuaminiwa lilikuwa kwa Lefty.

Lakini kuna jambo sinema imelikwepa, na hili linanikera. Uingereza, polisi wa London walikuwa na kikosi cha siri kilichoanzishwa 1968 na kufungwa 2008. Wengi wa waliopelelezwa hawakuwa majambazi. Walikuwa wanaharakati, watu wa maandamano. Baadhi ya askari walichukua majina ya watoto waliokwisha kufa wakayatumia kama yao. Wengine waliishi na wanawake kwa miaka kama wapenzi wa kweli, kisha wakatoweka siku moja. Mwaka 2015 polisi waliomba radhi hadharani kwa baadhi ya wanawake hao, na mwaka huohuo serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Filamu zetu zinatuonyesha machozi ya askari aliyejipoteza. Mwanamke aliyeamka asubuhi akagundua kwamba baba wa mtoto wake hajawahi kuwepo, yeye tumempa dakika ngapi? Kama mmoja wenu hapa anatafuta hadithi ya kuandika, ipo hapo, na inasubiri mtu mwenye heshima ya kuisikiliza.

Nirudi Hong Kong nimalizie. Mnajua Marekani waliinunua hadithi hii. Martin Scorsese akaitoa mwaka 2006 kama The Departed, akaihamishia Boston, na Februari 2007 ikachukua tuzo 4 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Boston haikuchaguliwa ovyo. Mji huo ulikuwa na jambazi wake, Whitey Bulger, ambaye kwa miaka alikuwa mtoa habari wa FBI huku wakala aliyemsimamia, John Connolly, akimvujishia siri. Desemba 1994 Connolly alimtonya kwamba mashtaka yanakuja, Bulger akatoroka, na hakupatikana mpaka Juni 2011. Connolly ndiye pandikizi wa kweli, mwenye beji na mshahara.

Ila tazameni mwisho. Boston, pandikizi anafungua mlango wa nyumba yake na kukuta mtu anamsubiri na bastola. Amelipwa, hadhira inapumua. China bara na Malaysia, filamu ya Hong Kong ilionyeshwa ikiwa na mwisho mwingine, Ming anakamatwa. Sheria imeshinda. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili naona wamekwepa. Ule mwisho wa Hong Kong yenyewe haukumwua Ming wala haukumfunga. Unamtoa kwenye lifti akiwa hai, ameinua kitambulisho cha polisi mbele ya bunduki za wenzake, baada ya kumuua ndani pandikizi mwingine wa Sam ili asibaki wa kusema. Sasa hakuna shahidi wa uovu wake, kama ambavyo hakukuwa na shahidi wa wema wa Yan.

Baadaye jina la Yan linarudishwa, na yuko kaburini. Ming anasimama makaburini na sare yake, anapiga saluti. Na filamu inatupeleka nyuma mpaka chuoni, siku Yan anafukuzwa, anatembea na begi lake kuelekea getini huku wanafunzi wamepangwa mstari. Mkufunzi anawauliza, nani kati yenu anataka kubadilishana naye? Siku ile hakuna aliyejibu. Safari hii tunaisikia sauti ya Ming, chini kabisa, ikijibu kwamba yeye anataka.