Farasi wa Arusha: majani, chokaa na saa ya kuingia bandani

NEEMA: Karibuni kwenye kipindi. Leo ni farasi, na namna ya kumweka na afya kwa njia za asili. Kaka Elibariki, neno "asili" likitajwa tu, mtu anawaza mwarobaini, shubiri na kitunguu saumu.

ELIBARIKI: Ndiyo, dada. Mimi ningependa tuanze na asili ya mnyama mwenyewe. Farasi ameumbwa kula kidogo kidogo, saa 16 kwa siku au karibu na hapo, huku anatembea. Tumbo lake ni dogo, linabeba lita 8 hadi 15 tu, na linatoa tindikali usiku na mchana, awe anakula au hali. Kinachoipooza tindikali hiyo ni mate, na mate ya farasi hutoka pale anapotafuna. Ukimlisha asubuhi na jioni tu, katikati hapo tumbo linajiunguza lenyewe. Vidonda vya tumbo vinaanzia hapo.

NEEMA: Kwa hiyo kipimo?

ELIBARIKI: Majani makavu, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku. Farasi wa kilo 400 anakula kilo 6 hadi 8 za hei. Gawa mara nne, na fungu kubwa liwe la usiku, maana usiku ndio mrefu. Tafadhali pima kwa mizani ya kuning'iniza, usikadirie kwa macho, kwa sababu marobota hayalingani uzito hata kidogo.

NEEMA: Sasa tuje kwenye majani yenyewe, maana hapa Moshi na pande za Meru watu wanakata majani ya tembo. Ng'ombe anayala, ananenepa, anatoa maziwa. Farasi je?

ELIBARIKI: Hapa ndipo ningeomba msikilizaji atulie. Majani ya tembo, setaria na majani ya kikuyu yana kitu kinaitwa oksaleti. Oksaleti inaishika kalsiamu ndani ya majani na haiiachii. Kwa ng'ombe, vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinaivunja oksaleti kabla haijaleta madhara. Farasi hana tumbo hilo. Kalsiamu inapita utumbo mwembamba ikiwa imefungwa, inatoka na kinyesi. Damu ikikosa kalsiamu, mwili unaichota kwenye mifupa.

NEEMA: Na mfupa unaochotwa unaonekana wapi?

ELIBARIKI: Usoni. Simama mbele yake, weka viganja pande mbili za uso, kati ya jicho na pua. Mfupa unaumuka taratibu pande zote mbili, na kichwa kinakuwa kipana kama kimevimba. Lakini kabla ya hapo kuna dalili watu huzipuuza: anachechemea leo mguu huu, kesho ule, hatua zinakuwa fupi, anatafuna kwa shida. Inachukua kama miezi 2 hadi 8 tangu aanze kuishi kwa majani hayo, kwa hiyo mwenyewe haunganishi. Anatibu mguu, kumbe tatizo liko kwenye hori. Jike anayenyonyesha na mtoto wake ndio wanaotangulia.

NEEMA: Na mtu akiona mnyama amedhoofika, anamwongezea pumba.

ELIBARIKI: Na pumba inaongeza balaa. Kilo moja ya pumba za ngano ina fosforasi kama gramu 10 au 11, na kalsiamu gramu 1 tu. Farasi anahitaji kalsiamu iizidi fosforasi, angalau moja na nusu kwa moja. Tupige hesabu: fosforasi gramu 11 inadai kalsiamu 16 hivi. Tuna 1, tunapungukiwa 15. Chokaa ya mifugo ina kalsiamu karibu asilimia 38, kwa hiyo gramu 40 za chokaa kwa kila kilo ya pumba zinasawazisha. Nasema chokaa ya mifugo, ile ya mawe yaliyosagwa, siyo chokaa ya kupaka ukuta. Ile inaunguza.

NEEMA: Gramu 40 hizo ni za pumba peke yake, sivyo? Hazifuti oksaleti ya majani.

ELIBARIKI: Hazifuti. Kwa majani, dawa ni kubadilisha majani. Hei ya nyasi za Rhodes ina oksaleti kidogo, iwe ndiyo msingi wa mlo. Kisha lusini, yaani alfalfa, kilo 1 au 2 kwa siku, maana ina kalsiamu nyingi. Majani ya tembo yabaki kuwa ya kiangazi, pale hei imeadimika, na yasiwe mlo mzima.

NEEMA: Nyongeza moja kuhusu mahindi. Mahindi yenye ukungu, pamoja na magunzi na pumba zake, farasi asiguse. Kuna ukungu wa mahindi unaotengeneza sumu inayolainisha ubongo wa farasi. Anaanza kuzunguka, anakandamiza kichwa ukutani, anakufa ndani ya siku chache. Ng'ombe na kuku wanaweza kula gunia hilohilo wasionyeshe kitu. Na chakula cha kuku kisimfikie kabisa, kwa sababu kingine kina dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, na dawa hiyo inaua moyo wa farasi.

ELIBARIKI: Na chumvi je?

NEEMA: Chumvi ya kawaida, gramu 10 kwa kila kilo 100 za uzito kwa siku, au jiwe la chumvi alilambe mwenyewe. Magadi hapana. Ninajua wafugaji wa huku wanayapenda, lakini magadi ya ukanda wa Ziwa Natron yana floraidi, na maji ya miteremko ya Meru, kule Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, nayo yana floraidi nyingi. Wenyeji wanaijua kwa meno yao kugeuka kahawia. Farasi anaishi miaka 25 na zaidi, kwa hiyo floraidi inajikusanya kwenye mifupa kwa muda ambao fahali wa nyama hafikishi. Ukiweza, kinga maji ya mvua paani. Anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, jua likiwa kali anazidisha.

ELIBARIKI: Kitunguu saumu?

NEEMA: Kikizidi kinapasua chembe nyekundu za damu ya farasi, anapungukiwa damu. Kuhusu minyoo, sijaona ushahidi kuwa kinaiondoa. Njia ya asili ya minyoo ni koleo na toroli: okota kinyesi malishoni mara 2 kwa wiki, kabla mayai hayajawa viluwiluwi vya kupanda kwenye majani. Zungusha malisho na ng'ombe, kwa kuwa minyoo mingi ya farasi inafia tumboni mwa ng'ombe. Kisha peleka kinyesi maabara wahesabu mayai. Anayevuka mayai 200 kwa gramu ndiye apewe dawa, wengine waachwe, ili dawa isizoeleke.

ELIBARIKI: Na tukiwa na miti: majani na magome ya mparachichi ni sumu kwake. Midomo na kichwa vinavimba, moyo unaharibika. Kwa Moshi hilo ni jambo zito, maana mparachichi uko kila kihamba. Usimfunge chini yake, wala usimtupie matawi yaliyopogolewa. Kwa upande wa kupe, ogesho la ng'ombe lenye amitrazi lisimguse farasi. Linasimamisha utumbo, kinyesi kinakwama, na maumivu ya tumbo yanaweza kumuua.

NEEMA: Kwato kwa ufupi: chokonoa kila siku, punguza kila wiki 6 hadi 8. Ukisikia harufu mbaya na weusi unaonata kwenye ile pembetatu laini ya unyayo, anasimama kwenye unyevu. Kausha banda kwanza, ndipo uhangaike na dawa ya kupaka.

ELIBARIKI: Kilichobaki ndicho kinachoua haraka. Homa ya farasi ya Afrika. Virusi vyake vinabebwa na visubi, na pundamilia anavibeba bila kuumwa. Punda naye kwa kawaida haonyeshi dalili kubwa. Sisi tunaishi ubavuni mwa pundamilia. Ugonjwa ukishika mapafu, farasi 9 kati ya 10 wanaweza kufa.

NEEMA: Hapo hakuna mti wa kuchemsha. Chanjo, na daktari wa mifugo akupangie iwe mapema, kabla ya mvua.

ELIBARIKI: Pamoja na chanjo, saa. Visubi vinauma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi aingie bandani saa 11 jioni, atoke saa 2 asubuhi. Chandarua cha kawaida cha mbu kina matundu ambayo kisubi anapenya, kwa hiyo tumia wavu wa matundu madogo zaidi au uliotiwa dawa. Feni inasaidia sana, kwa sababu kisubi ni dhaifu, upepo kidogo tu unamshinda. Pareto inafukuza, ila inavunjika upesi juani, ipakwe jioni. Na tope linalozunguka birika la maji, likichanganyika na samadi, ndilo kitalu chao. Ziba linapovuja, mwaga kokoto.

NEEMA: Msimu huo, pima joto kila asubuhi. La kawaida ni 37.2 hadi 38.3. Kisha tazama kile kishimo kilicho juu ya jicho. Kwa farasi mzima kimebonyea, kidole kinakaa. Kikijaa hadi kutuna, huku joto limepanda, mwite daktari hapohapo. Na farasi asitembezwe hata hatua za kumpeleka kwa jirani, maana juhudi ndogo tu inaweza kuumaliza moyo. Akae kivulini na maji mbele yake, daktari amfuate.