Ndege Mla Kaa, Kwao ni Wapi?

SALMA: Assalaam alaykum, wasikilizaji wetu. Mwalimu Khamis, niliahidi kwamba nitakwenda Barr Al Hikman, ile pwani ya matope hapa Omani, na Ijumaa nilikwenda. Tuliondoka Maskati kabla ya alfajiri, mimi na shemeji yangu yule mnayemjua, tukafika wakati maji yamekupwa kabisa. Tope limetandaa mpaka macho yanakoma, na ndege wako mbali ukingoni mwa maji, wanacheza ndani ya mazigazi kiasi kwamba hata kwa darubini ya miguu mitatu sikuweza kumtenga sululu na kitwitwi.

KHAMIS: Pole sana, Bi Salma. Basi umelifungua mwenyewe somo la kwanza kati ya yale matatu tuliyoyapanga leo. Anayetaka kuwaona ndege wa matopeni asiwafuate, bali afike saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, akae kimya, na maji yatamletea. Siku za bamvua ndizo bora, kwa sababu tope lote linafunikwa na ndege hawana budi kusongamana kwenye mchanga mkavu.

SALMA: Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya alasiri maji yalianza kupanda na makundi yakasogea. Pale hukusanyika zaidi ya nusu milioni ya ndege wa matopeni majira ya baridi, wengi wao wametoka Siberia, lakini mimi nilimwona mmoja tu nikawasahau wengine.

KHAMIS: Mla kaa.

SALMA: Mla kaa. Mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, mdomo mnene kama nyundo. Alisimama hatua arobaini hivi kutoka kwenye gari, akamdona kaa, akamtikisa, akambwaga chini, akamdona tena mpaka miguu ya kaa ikamdondoka. Nyuma yake alikuwapo mwingine, mkubwa sawa naye kwa kimo, ila mgongo wake ulikuwa wa kijivu, naye analia bila kunyamaza. Nilidhani ameumia. Kumbe ni mwanawe! Ameshajua kuruka, miezi imepita tangu atoke shimoni, na bado anamfuata mzazi na kuomba chakula.

KHAMIS: Umesema shimoni, na hapo lazima niongeze neno, kwa maana wasikilizaji huenda wasiamini. Jamaa zake wengi wa matopeni hutaga mayai yenye madoadoa juu ya ardhi ya wazi. Huyu anachimba shimo mchangani, katika visiwa vidogo vya Ghuba, vya Bahari ya Shamu na vya huku kwetu Omani, kisha anataga ndani yake yai moja tu, jeupe kabisa. Anazaliana katika miezi ya joto kali, na mchanga uliopigwa na jua unalitunza lile yai hata mzazi anapoondoka kwenda kutafuta kaa. Kwa hiyo mimi nasema huyu ni ndege wa kwetu.

SALMA: Wa kwetu wapi, Mwalimu?

KHAMIS: Omani. Yai lake liko hapa.

SALMA: Sikubaliani nawe. Joto likiisha wengi wao wanashuka kusini: Mida, karibu na Watamu huko Kenya, delta ya Rufiji, Mafia, mpaka Bukini, yaani Madagaska. Wanakaa huko miezi mingi kuliko wanayokaa shimoni, na huko ndiko mtoto anakofundishwa kumvunja kaa. Mimi nilizaliwa hapa Maskati, lakini nililelewa na bibi aliyekuwa akiniambia kwamba kwenu ni pale unapojua maji yanajaa saa ngapi.

KHAMIS: Bibi yako namheshimu sana. Lakini uliowaona Ijumaa hawakushuka popote. Maelfu wanabaki papa hapa Omani majira yote ya baridi, na yule mtoto aliyekuwa akilia anafundishwa kwenye tope la Barr Al Hikman, si la Mida.

SALMA: Hao waliobaki hawawafuti waliosafiri.

KHAMIS: Hawawafuti. Mimi nauliza jambo la ulinzi, wala sitafuti sifa. Matope ya kulia kaa ni mengi kutoka hapa mpaka Msumbiji, ila visiwa vya kutagia ni vichache mno. Mtu akitembea juu ya mchanga ule shimo linaporomoka, na paka mmoja aliyeletwa na chombo anaweza kuharibu koloni. Eneo la Barr Al Hikman lilitangazwa hifadhi mwaka 2014, nami natamani kila kisiwa chenye mashimo kipewe ulinzi kama huo.

SALMA: Nami natamani vilevile. Lakini ukisema ni wa Omani peke yake, mtu wa Rufiji atasema basi Waomani wamtunze. Rufiji, Mafia na Kilwa ziliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, na Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu tangu 1968. Watu wale wanamlinda ndege ambaye hawajapata kuliona yai lake. Huyo si wa kwao?

KHAMIS: Ni mgeni wao mpendwa.

SALMA: Mgeni wa miezi minane?

KHAMIS: Hata wa miezi kumi, Bi Salma. Mgeni hatagi.

SALMA: Hilo silikubali, na wiki ijayo sitalikubali.

KHAMIS: Nami sirudi nyuma. Ila naona tumebakiwa na dakika moja, na somo la kulipa jua kisogo hatukuligusa, wala lile la kutolipeleka gari kwenye sabkha, ile ardhi ya chumvi inayoonekana kavu kumbe chini ni uji.

SALMA: Yatangoja. Wasikilizaji wa Watamu na Mafia, tunawaomba mtuandikie: walioteremka mwaka huu, je, mmewasikia watoto wakilia nyuma yao?

KHAMIS: Na mtaje saa ya maji.